Nani Anaimwagilia Bogenvilia Yako?

Nyumba ya geti la kijani,
Nyuma ya kiwanda cha sabuni.
9 Septemba

Dada yangu mpendwa,

Natumai barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji na wale wapwa wangu watundu. Kile kikohozi chako kimekwisha kweli, au unaniambia tu kimekwisha? Sisi tupo. Mama magoti yanamsumbua asubuhi, lakini yakishapata joto anatembea kutushinda. Mimi macho bado yananitosha kwa kutengeneza saa, ingawa zile ndogo za kike nimeanza kuzikwepa.

Sikupigi simu kwa sababu simu iko mfukoni mwa Mama, na jambo hili linamhusu.

Bogenvilia yako haijachanua. Mwaka wa pili huu. Majani yamejaa tele, ua hata la dawa hakuna.

Usiseme nimekosea. Nilifuata karatasi yako ya maelekezo neno kwa neno. Kile kipande ulichompa dereva wa lori, kinene kama penseli, nilikichomeka kimelala upande, vifundo viwili chini ya udongo na kimoja juu. Nilichanganya mchanga na kokoto ili maji yasituame. Ukuta ni ule unaopigwa na jua kutwa nzima. Ilipokamata nikaacha kumwagilia hovyo: nachomeka kidole kwanza, udongo ukiwa mkavu hadi kiungo cha pili ndipo naipa kikombe kimoja. Wewe mwenyewe uliandika kwamba ikikomaa tuiache ione kiu, maana ikipewa maji mengi inaota majani na kusahau maua.

Lakini kila nikichomeka kidole, udongo umelowa. Mvua haijanyesha miezi minne, dada. Maji yanatoka wapi?

Nikamshuku Bi Mkasi, yule mshonaji jirani yetu. Aliwahi kuniomba kipande nikamnyima, na tangu hapo akipita anaitazama kwa jicho nisilolipenda. Kwa kumhofia yeye, ile karatasi yako niliifungia kwenye droo ya spea tangu siku ya kwanza. Hata Mama sikumsomea, kwa sababu yeye na Bi Mkasi hawafichani neno.

Nikatega. Jumatatu jioni nilinyunyiza majivu kuzunguka shina. Asubuhi nikakuta alama za kandambili, ya kushoto imelika kisigino upande wa ndani. Unanijua. Siku mbili nzima nilitazama miguu ya wateja zaidi kuliko saa zao. Nilikwenda hadi kwenye cherehani ya Bi Mkasi nikainama kukagua kandambili zake. Mpya kabisa. Akaniuliza kama nimerukwa na akili, nikamwambia natafuta skrubu.

Alhamisi navua viatu mlangoni kwetu, nikaziona. Ni kandambili za Mama.

Kesho yake nilichelewa kazini makusudi, nikakaa nyuma ya pazia. Mama akatoka na jagi la maji aliyosuuzia vyombo, huku ameshika ukuta kwa sababu ya magoti. Akamimina yote, akarudi kujaza tena. Nilipomtokea hakushtuka hata kidogo.

"Dada yako aliniambia ikichanua tu anakuja," akasema. "Sasa wewe umeiacha na kiu, itachanua saa ngapi?"

Mimi nilificha karatasi, na yeye siku zote hizo amekuwa akikuchelewesha kwa mikono yake mwenyewe. Hilo ni kosa langu, nalikiri, na linaniuma.

Ila na wewe nakushuku. Ulijua maji yanazuia maua, na Mama unamjua, hawezi kuona kitu kina kiu akakiacha. Je, ulimpa ahadi, au ulimpa kazi ya kumshughulisha? Miaka sita bila kukuona ni mingi. Nijibu ukweli, hata kama si mzuri. Nikiusoma peke yangu nitajua la kumwambia.

Nimemsomea karatasi yote. Akanitaka nirudie pale penye maji. Tangu hapo jagi amelifunika juu ya ndoo, na kila asubuhi anakwenda kuitazama mikono mitupu. Majani ya chini yameanza kulegea, naye anageuza uso.

Msalimie sana shemeji, na wapwa waambie mjomba wao bado anawadai barua. Bi Mkasi anakusalimu. Nimemkatia vipande viwili, kwa aibu tu. Mungu akulinde huko uliko na akufungulie njia ya kuja nyumbani.

Mdogo wako akupendaye, hata anapokushuku,
Fundi Saa

Nilikuwa nafunga bahasha Mama akaja kusimama mlangoni. Anataka nikuulize: ikitoa ua moja tu, nalo linahesabika?