Plau Aliyoiunga Akinyi

Mjukuu wangu Nekesa,

Sisi hapa Njoro tuko salama, na goti la nyanya yako limepona. Umeniuliza kama wavulana watakusumbua kwenye karakana ambako shule inakupeleka kujifunza kuchomelea vyuma.

Nikiwa mwanafunzi, nilijifunza kazi hiyo pamoja na msichana aliyeitwa Akinyi. Siku moja aliunga plau ya trekta iliyovunjika, vizuri kunishinda. Mwenye trekta akauliza, "Nani amefanya hii kazi?"

Nikajibu, "Ni mimi."

Akinyi aliniangalia tu, akavua glavu akaenda. Hakurudi tena, wala sikumfuata kumwomba msamaha.

Kwa hivyo siwezi kukuambia hawatakusumbua. Lakini ukimaliza kuunga kitu, sema mapema kuwa ni kazi yako, mtu kama mimi asije akakutangulia.

Babu yako,
Wafula