Santuri ya Tatu ya Alhamisi

Jumatatu, 6 Juni 1977

Valère ameleta boksi. Hatimaye! Mwezi mzima nimekuwa nikisifu santuri zile zile, mpaka wasichana wa bweni wameanza kunicheka: eti Zulaika, leo unatuletea mpya ya mwaka gani? Mashetani.

Valère ni Mkongo. Ana kibanda mtaa wa Katwe hapa mjini, nyuma ya mafundi wa masufuria, na kila mwezi anapanda basi la Nairobi kutafuta santuri ambazo maduka hayana: za bendi zinazojirekodia zenyewe, bila kampuni, nakala mia mbili, mia tatu, basi. Hizo ndizo ninazozitaka mimi. Za makampuni kila mtu anazijua, nizitangaze za nini?

Kipindi changu ni kila Alhamisi saa saba, redio ya chuo. Redio! Ni mashine moja ya santuri, maikrofoni moja yenye mafua, na spika nne: bwaloni, mabweni mawili, jikoni. Lakini mimi ndiye ninayesema hii nunueni, hii achaneni nayo. Na kila moja lazima niseme imepigwa na nani, imerekodiwa wapi, mwezi gani. Sheria yangu mwenyewe. Kwa bei hizi za magendo mtu asiuziwe ya zamani kwa jina la mpya.

Sheria zisizo zangu ni mbili. Kwanza sindano ya mashine. Imebaki moja, na mjini haipatikani, kwa hiyo santuri naisikiliza mara moja tu kabla ya kipindi. Pili, Afande Sebit. Zamani alipiga tarumbeta katika bendi ya polisi, sasa ni mkuu wa nidhamu hapa chuoni. Anasikiliza kila kitu kwanza, anasoma kila neno nitakalosema, ndipo anagonga muhuri. Watu wanasema anaandika ripoti nyingine za kupeleka kwingine. Sijui. Sitaki kujua.

Jioni nimemsikia Mama Santa wa jikoni akiomba ruhusa kwa mpishi mkuu. Ijumaa anakwenda kwao Lira, kaskazini. Anakwenda kumzika Ogwal.

Kumzika! Na maiti hakuna. Ogwal ni mwanawe, alikuwa anapiga gitaa kwenye baa moja Kabalagala. Februari, wiki zile askari walipokuwa wakichukua Walango na Waacholi, alitoka kwenda kazini na hakurudi. Kwao Walango, mtu asipopatikana, tunda la mvungunya linafungwa sanda na kuzikwa mahali pake. Wazee wamepanga Jumamosi asubuhi. Na akishazikwa amezikwa, ndivyo alivyomweleza mpishi. Hata akija kwa miguu yake, mlango wa mama yake hauingii tena.

Nimelia nyuma ya ghala la mkaa. Mimi na Ogwal tumekulia laini moja ya nyumba, kambi ya polisi. Uji wa mama yake nimekunywa kuliko wa mama yangu. Lakini tangu Februari Mama Santa haniongeleshi. Mimi ni Mnubi, kama wengi wa askari hao, na baba yangu bado anavaa magwanda yao. Ananipakulia posho, ugali wetu wa chuo, huku akitazama ukuta. Simlaumu. Inauma tu.


Jumanne, 7 Juni

Nimejifungia studio baada ya darasa. Mpya ni tatu.

Ya kwanza ni ya mafundi wa kuchomea vyuma, Katwe. LP nzima! Wamejirekodi karakanani, ngoma zao ni madebe ya mafuta, na katikati ya wimbo wa pili mtu anasaga chuma kabisa, wala hakusimama. Safi sana. Upande wa pili wamechoka na unasikika uchovu wenyewe. Nitasema nunueni, ila msigeuze.

Ya pili, vijana wa Kansanga na kodiani yao. Nyimbo nane, zote wimbo mmoja. Banange! Achaneni nayo.

Ya tatu haina jalada, imefungwa kwa gazeti. Katikati imeandikwa kwa kalamu: Orchestra Ng'ambo ya Mto. Jina la mtu hakuna. Nikaweka sindano, nikachukua peni. Wimbo wa kwanza wa kawaida. Wa pili mzuri kidogo. Wa tatu, gitaa linataka kuingia peke yake, na kabla halijaingia — ko, ko. Kidole kwenye mbao.

Nilisimama mpaka kiti kikaanguka.

Ogwal haingii bila kugonga tumbo la gitaa mara mbili. Tangu utotoni, hata lile gitaa lake la debe. Mama yake alikuwa anapiga kelele toka jikoni laini nzima inasikia: kijana hii itaharibu gitaa! Sisi tukawa tunaigiza ile kelele, hata wazee kwenye karata zao.

Nimeivunja sheria. Nimesikiliza mara tatu. Sindano na iishe! Ni yeye. Wallahi ni yeye.

Nikakimbia jikoni. Nikamwambia Mama Santa, Mama, nina habari ya Ogwal. Akaweka upawa chini. Akasema, mbele ya wenzake wote, kwamba habari ya mtoto wake ameshaletewa mara tatu. Wa kwanza alisema yuko jela. Wa pili alisema amemwona kwenye kambi fulani. Wa tatu alileta kiatu, na kiatu chenyewe si chake. Akasema: mimi sitaki tena habari kutoka mdomo ya mtu. Na mdomo yako ndiyo sitaki zaidi.

Kisha akanipakulia posho. Macho ukutani.

Sasa nimekaa kitandani na akili imerudi, na afadhali isingerudi. Santuri si barua. Huenda ilirekodiwa mwaka jana, wakati Ogwal bado anacheka na sisi hapa. Nitakuwa nimemletea mama wa watu kiatu cha nne.


Jumatano, 8 Juni

Nimekosa vipindi viwili vya darasa, nimekwenda Katwe. Valère alikuwa anakunywa chai bila sukari na kuitukana. Nikamwonyesha ile sahani ya santuri. Nikamwuliza imerekodiwa lini.

Aprili, akasema. Aprili hii. Baada ya Pasaka.

Nikamwambia aniapie. Akakasirika — alikuwepo mwenyewe! Chumba kimoja Nairobi, magodoro yamesimamishwa ukutani kuzuia kelele za barabarani, yeye ndiye aliyewabebea chai. Mpiga gitaa? Mwembamba, anajiita Jimmy, haongei, mlango ukibishwa anaruka. Nikauliza: ana kovu kidevuni? Valère akaniangalia vizuri. Akasema analo, hapa.

Hilo kovu nimempa mimi! Kwa mfuniko wa sufuria, tukiwa na miaka saba.

Yu hai. Ogwal yu hai na ana woga na anapiga gitaa. Nilicheka peke yangu katikati ya nyundo za Katwe, nikashindwa kuacha, fundi mmoja akaniuliza nimeokota nini. Miguu ilikuwa myepesi, hata sikuona njia ya kurudi.

Lakini Valère alinishika mkono kabla sijaondoka. Usitaje jina lake, alisema. Siyo redioni, siyo bwenini, siyo kwa rafiki. Masikio ya hapa yanafika mpaka Nairobi. Ukimtaja, wewe ndiye umemmaliza.

Kale, sawa. Sitataja. Mama Santa hataki mdomo wa mtu? Haya, jikoni kuna spika. Gitaa halina mdomo. Nimeandika kama ninavyoandika siku zote: Orchestra Ng'ambo ya Mto, wapigaji hawakuandikwa, imerekodiwa Nairobi, Aprili mwaka huu, nunueni.

Saa kumi nikaipeleka kwa Afande Sebit. Huyu naye si wa laini ile ile? Nyumba ya tano kutoka bomba la maji! Nikawa naomba Mungu amzibe masikio.

Akasikiliza wachomea vyuma, akatikisa kichwa. Akasikiliza kodiani mpaka mwisho, maskini, hata sikumlazimisha. Kisha ya tatu. Ilipofika ko, ko, aliinua kidole. Nikaondoa sindano. Akaniuliza nani anapiga. Nikasema haikuandikwa, Afande.

Akasema rudisha.

Nikarudisha. Ko, ko. Akasikiliza gitaa lote, macho amefumba. Halafu akasema, taratibu, kama anajisemea: kijana hii itaharibu gitaa.

Amejua. Amejua kama ninavyojua mimi.

Akachukua kalamu, akakata neno Nairobi. Nchi za nje hazitajwi, akasema, mara ngapi nikuambie? Aprili akaiacha. Akagonga muhuri. Kisha akasema kipindi cha kesho kitakuwa saa nne, si saa saba. Nikauliza kwa nini, ulimi wangu huu hauna breki. Akasema saa saba jikoni ni makelele ya masufuria, hakuna anayesikia kitu. Saa nne wanachagua maharagwe, wamekaa.

Wala hakuinua macho. Nikasema asante, Afande. Akasema, asante ya nini, binti, toka.

Sijui ananisaidia au ananitega. Tumbo linasema ananisaidia. Leo nitalisikiliza tumbo.


Alhamisi, 9 Juni

Nimemaliza kulia sasa hivi. Kwa furaha! Niandike kwa mpango.

Dirisha la studio linaangalia jikoni. Saa nne walikuwa barazani, wanawake watano na nyungo zao, Mama Santa pembeni. Nikaanza. Kwenye wachomea vyuma nikakohoa hewani kama mgeni. Kodiani nikaikata dakika moja tu. Kisha nikasema: ya tatu ni ya Orchestra Ng'ambo ya Mto. Imerekodiwa Aprili. Nikarudia, jambo ambalo silifanyi kamwe: Aprili ya mwaka huu, mwezi wa nne, baada ya Pasaka.

Ko, ko.

Ungo wa Mama Santa ulimwagika. Wenzake wakamgombeza, maharagwe yenyewe ya kutafuta kwa tochi. Hakuwasikia. Alikwenda kusimama chini ya spika, uso juu, kiganja mdomoni. Akasimama hivyo mpaka wimbo ukaisha. Kisha nikamwona anakuja — anakimbia! mwanamke wa mwili ule! — na akawa mlangoni kwangu, vumbi la maharagwe mpaka kwenye nyusi.

Piga tena, akasema.

Nikazima maikrofoni. Nikapiga tena. Ilipoisha akaniuliza: Aprili?

Aprili, Mama.

Ya mwaka hii?

Mwaka huu. Kuna mtu alimbebea chai. Ana kovu kidevuni. Amekonda kidogo tu.

Akakaa sakafuni, miguu mbele kama mtoto. Akasema kitu kwa Kilango, mara nyingi, kitu kile kile. Halafu akainuka, akanipiga bega kofi zito — kwa nini wewe hukuniambia! Mimi! Nikasema Mama, Jumanne nilikuja! Akanipiga jingine. Kisha akanishika, akanikumbatia, na nikanusa moshi wa kuni na kitunguu, na nikarudi kuwa mtoto wa miaka saba. Miezi minne ya ukuta imekwisha. Ah, nimepumua!

Nikamwambia alichosema Valère kuhusu jina. Akaelewa kabla sijamaliza. Anaelewa kuliko mimi.

Lakini Lira. Wazee wameshakata tunda na watu wameitwa. Simu hakuna, barua haiwahi. Lazima aende kesho kama alivyopanga, akawazuie. Na hawatamwamini, anasema. Watasema uchungu umemrusha akili, kila mama anasikia mtoto wake kila mahali. Wakisikia ile kugonga, basi watajua, hata yule mjomba kiziwi nusu. Katekista pale ana gramafoni ya betri.

Akaiangalia sahani. Nakala ni moja tu. Nikaifunga kwenye gazeti lake nikampa. Alhamisi ijayo nitacheza nini? Kodiani! Wataniua bwenini.


Ijumaa, 10 Juni

Naandika nimesimama, kituo cha mabasi, daftari juu ya boneti ya gari la mtu. Basi la Lira lilikuwa liondoke saa mbili. Sasa ni saa tatu na robo. Askari wanapekua, wanatafuta magendo, kahawa na sabuni na sijui nini.

Nimemsindikiza mimi mwenyewe. Njiani ameongea mpaka nimechoka kusikia! Ogwal hapendi samaki, Ogwal lazima afunikwe kifua akilala, huko Nairobi baridi, nani anamfunika? Mimi nikajibu Mama, ana miaka ishirini na tatu. Akasema ndiyo, na kifua bado ni kile kile.

Alipopanda amekaa dirishani, safu ya tano. Ameweka sahani mapajani chini ya shali. Halafu amefungua kikapu, ametoa kitambaa cheupe kipya, bado kina mikunjo ya dukani, akanipitishia dirishani. Ilikuwa sanda ya lile tunda. Shika, akasema. Shona shuka. Mimi sina kazi nayo.

Ninacho hapa kwapani. Kizuri, pamba tupu. Sijui amekipata wapi siku hizi.

Askari mmoja amepanda. Anaanza mbele. Safu ya kwanza amefungua begi la mtu. Ya pili wamemteremsha mzee na kuku wake, wanabishana. Mungu wangu, si angeiacha sahani kwangu! Kwa nini sikufikiri? Imetoka Nairobi, haina risiti, haina jalada, na ikiulizwa ni ya nani?

Safu ya nne.

Amefika kwake. Anamwambia atoe kilicho chini ya shali. Ametoa. Askari anafungua gazeti. Anaishika sahani kwenye mwanga, anaigeuza upande wa pili. Anauliza kitu. Siwezi kusikia, dereva amewasha injini.

Mama Santa anamjibu. Mkono wake umeinuka, vidole vinaonyesha mtu anayepiga gitaa. Na anacheka! Meno yote nje, mbele ya bunduki, anamweleza askari na anacheka. Askari bado ameishika.