Hodi ya Godelive kule Abasia

Darlène, acha unachofanya usome. Godelive amenipigia sasa hivi, ananong'ona.

Unakumbuka ile abasia ya Ubelgiji aliyotembelea na wenzake wa kwaya? Jumba la mawe la watawa, kubwa kama mtaa mzima. Chini ya jumba, kwenye makaburi ya watawa, aliona mlango mdogo, akajisahau, akapiga hodi kama yuko kwetu Uvira. HODI! Ulaya!

Sauti ya mzee ikajibu toka ndani: "Karibu."

Karibu, Darlène. Kwa Kiswahili!

Mtawa aliyekuwa akiwatembeza akamfungulia mlango aone. Nyuma ya mlango ni ukuta mtupu. Hakuna chumba.

Na sisi tukamcheka. Mimi na wewe tulimcheka hadi machozi!

Sasa leo yuko peke yake nyumbani kwake Flemingdon, mbali kabisa na ile abasia, watoto wako shule. Mlango ukagongwa. "Hodi." Sauti ileile, anaapa, ya yule mzee.

Nikapiga kelele, "Godelive, usifungue!"

"Sijafungua," akasema. "Lakini nilikuwa jikoni nasonga ugali, mdomo ukanitangulia. Nimeshamwambia karibu."

Simu imekatika. Nampigia, hapokei.