Debe la Mndimu na Mnara wa Hamar

Halima,

Ni miezi minane sasa tangu tukuzike Kajiado, na picha ya mnara ndiyo kwanza imefika. Mpwa wako aliipiga mwenyewe, akaileta Kitengela kati ya kurasa za msahafu isikunjike. Zile kuta tatu za mnara tulizoziacha nyuma ya nyumba yetu Mogadishu, Hamar yetu, umebaki mmoja. Ile ngazi isiyofika popote, tuliyokuwa tukiikalia jioni, imebaki na vidato vinne. Nilivihesabu kwa miwani na bila miwani. Cha saba, chako, hakipo.

Nilikuwa nikisema: maadamu mnara umesimama, tuna pa kurudi. Kwa neno hilo nilikataa kununua kiwanja kule Isinya. Kwa neno hilo nilikukataza kupanda mndimu ardhini, ukaupanda kwenye debe la mafuta ili siku ya kurudi tuubebe. Mbegu ulizitoa pale pale chini ya mnara. Ulinijibu mara moja tu: "Umefungwa na ukuta uliokwisha bomoka." Nikanuna siku mbili.

Sasa umekwenda, nami niko chumba kile kile cha kupanga, begi chini ya kitanda, limefungwa tangu tufike. Kama mkimbizi, kutoka nchi hii bila kibali siruhusiwi. Kurudi siwezi. Kukaa sijawahi kukubali.

Juzi nilitaka kuupeleka mndimu kaburini kwako. Debe halikunyanyuka. Nikamwita jirani yetu Mama Mwende anisaidie kuvuta, akacheka mpaka akakaa chini. "Mzee, hiyo haitoki. Mama alikata hiyo debe chini kitambo, na patasi ya bwanangu ya kuchonga mawe, mizizi ikaingia kwa udongo. Akaniambia nisikuambie."

Miaka tisa, Halima. Miaka tisa namwagilia mti nikidhani unasafirika, nawe unanitazama. Niliona haya. Kisha nikacheka, kisha sikuweza kucheka tena.

Bati limelikaba shina. Kesho nitaazima patasi ile ile, nilipasue. Begi nalo nitalifungua. Ndimu za msimu huu zikiiva, mbegu zake nitazipanda kwako, ardhini, pale ambapo nimewaambia watu wetu wanizike nami.

Pumzika, mke wangu. Sitakuja kukuchukua nikurudishe Hamar. Nitakuja kukaa.