Baba Neema, Kabula Ameuliza Habari Zako

Baba Neema wangu,

Nakuandikia nikiwa jikoni, maana sebuleni siku hizi sipawezi. Tangu wageni wa msiba waondoke, nyumba imekuwa kubwa ghafla. Neema amerudi chuoni Dodoma, ananipigia kila Jumapili kuniuliza kama nakula. Namwambia nakula. Ugali bado naupika wa watu wawili, mkono umekataa kujifunza, na fungu lako wanakula kuku wa jirani.

Leo nina habari ya shule, na habari za shule sijawahi kumpa mtu mwingine zaidi yako. Huko ofisini kwa walimu watu wananionea huruma, na mtu akishaanza kukuonea huruma hakucheki tena hata ukisema jambo la kuchekesha. Kwa hiyo zimenijaa kifuani.

Unakumbuka siku ile niliyorudi nimenuna? Alikuwa amekuja yule dada wa wilayani anayezunguka kuwaangalia walimu wa awali wakifundisha. Alikaa nyuma ya darasa langu asubuhi nzima, kwenye kiti cha mtoto, akiandika. Akanipa alama nzuri kwenye nyimbo, kwenye usafi, hata kwenye upendo. Kwenye kukuza fikra za watoto akanipa ya chini kabisa. Akaniambia taratibu, "Mwalimu, maswali yako ni mazuri, ila unayajibu mwenyewe."

Nilikuja kukusimulia nikitegemea utamkasirikia kwa niaba yangu. Wewe ukacheka mpaka ukashika ukuta.

"Mbona hata hapa nyumbani ni hivyo hivyo, Mama Neema! Unaniuliza nimechelewa wapi, kabla sijafungua mdomo umeshanitajia baa."

Nilikununia hadi kesho yake. Jioni ukarudi kutoka machimboni, ukaoga, ukageuza ndoo pale uani ukaikalia, magoti yamekufika kidevuni. "Mwalimu," ukasema kwa sauti nyembamba, "naitwa Masanja. Nimeletwa kuanza shule." Nikajikaza nisicheke, nikashindwa. Mwanaume mzima, vumbi la duara, lile shimo lenu la kuchimbia, bado limekung'ang'ania kwenye kucha, unaniomba ruhusa ya kwenda chooni!

Basi ikawa desturi yetu, mboga ikiwa motoni. Nilikuwekea beseni la maji, nikatia jiwe na jani. "Masanja, unafikiri kwa nini jiwe limezama na jani linaelea?" Ukanyamaza. Ukajikuna kichwa. Mimi nikaanza, "Kwa sababu jiwe ni..." Ukaninyooshea kidole.

"Mwalimu, mbona una haraka? Si umeniuliza mimi?"

Kimya kile kilinitesa, mume wangu. Mimi nimefundishwa kwa kuitikia, nikafundisha kwa kuitikia. Nauliza hii ni rangi gani, wanaitikia "Nyekunduuu!", wanapiga makofi ya kilo, tunasonga mbele. Darasa likinyamaza nilijiona kama nimeshindwa kazi. Wewe ndiye uliyenizoesha kusubiri. Halafu ukajibu, "Jani limeelea kwa sababu halina watu wanaolitegemea." Nikakuuliza kwa nini unafikiri hivyo, kama dada yule alivyonielekeza, ukanipa hotuba nusu kwa Kiswahili, nusu kwa Kisukuma, mpaka mboga ikaungua. Tuliila hivyo hivyo. Ukanishukuru, "wabeja, mwalimu," na ukaomba uongezwe.

Kisha kile kikohozi. Ulisema ni vumbi tu, litatoka. Tulipofika hospitali Geita hata daktari hakutudanganya. Tukakurudisha hapa Kharumwa, tukakuzika nyuma ya nyumba, na watoto wa darasa langu wakaja na mama zao, kila mmoja akatupia kiganja cha udongo.

Niliporudi kazini, kimya sikukitaka tena. Nilikuwa nacho cha kutosha nyumbani. Nikawaachia watoto waitikie, waimbe, wapige kelele mpaka darasa la pili walalamike. Mwalimu mkuu aliona. Akaniita, akaniambia dada wa wilayani anarudi, na kama alama zitabaki pale pale itabidi anihamishie darasa la tatu, awali ampe mwenzangu. Alinionea huruma, lakini alikuwa hatanii. Baba Neema, niliogopa. Pale awali ndipo mahali pekee palipobaki ambapo kuna mtu ananivuta sketi na kuniita kwa fujo. Wakininyang'anya na pale, naongea na nani?

Basi siku ya Jumanne yule dada akaja, akakaa kwenye kiti kile kile. Tulikuwa tunapanda maharage kwenye chupa za maji zilizokatwa. Nikauliza, "Mnafikiri kwa nini mbegu tunaifukia ardhini?" Wakaitikia kwa pamoja, "Ili ioteee!" Nikawaona wameshanyanyua viganja wapige makofi. Sikuwapa nafasi. Nikauliza, "Na kila kitu tukikifukia kitaota?" Nikafunga mdomo.

Wakatazamana. Nikasubiri. Ndipo Kabula akasimama, yule binti mwenye pengo, ambaye baba yake mlishuka naye duara moja.

"Mwalimu, mbona Baba Neema tulimfukia na hajaota?"

Kalamu ya yule dada ilisimama. Jibu nilikuwa nalo tayari: mtu si mbegu, Kabula, kaa chini, mpigieni makofi. Lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Sijui nilipata wapi nguvu. Nikachuchumaa mbele yake, nikamuuliza, "Wewe unafikiri kwa nini?"

Mwenzake Dotto akadakia, "Labda hamkummwagilia." Kabula akatikisa kichwa. Alifikiri, nami nikamwacha afikiri, ingawa kila mshipa wangu ulitaka anyamaze.

"Baba akishuka duarani huwa anachelewa sana kupanda," akasema. "Mama anamwekea ugali. Na Baba Neema amechelewa. Bado anachimba."

Nikamuuliza kwa nini anafikiri hivyo. Akanishangaa, kama vile nimeuliza jua ni nini. "Si mchimbaji?"

Nimepata alama ya juu kabisa, mume wangu, kwenye kipengele kile kile. Mwalimu mkuu amenikumbatia, amesema sihami. Dada wa wilayani aliniuliza nje nilijiandaaje, nikamwambia nilifanya mazoezi nyumbani.

Ningekuwa mwalimu mzuri kweli, ningemwita Kabula kesho yake nimweleze ukweli polepole. Najua inanipasa, na nitamweleza. Lakini wiki imeisha sijamweleza. Kila asubuhi anapita hapa na mkoba wake, anachungulia nyuma ya nyumba, kisha ananiuliza, "Bado, Mwalimu?" Namjibu, "Bado." Anaridhika kabisa, anatangulia shuleni akirukaruka. Mimi nabaki mlangoni nikimtazama, na Mungu anisamehe, namwonea wivu.

Pumzika, Baba Neema. Nimekukumbuka kuliko ninavyoweza kuandika.

Ni mimi mkeo,
Mama Neema