Shingo ya Mama Katika Toleo Jipya

Studio ya Picha, nyuma ya stendi,
Same, Kilimanjaro.
3 Oktoba 2024

Mpendwa Dada Devotha,

Shikamoo. Habari za huko Ujerumani, na hao wazee unaowauguza wanaendeleaje? Na wewe mwenyewe, hujambo? Nauliza kwa dhati, na kabla hujaimaliza barua hii utajua kwa nini. Sisi huku tunashukuru Mungu. Upepo wa Same unapuliza vumbi kama kawaida yake, nafuta lenzi mara tatu kwa siku. Mguu wa Baba umepata nafuu. Anakwenda kanisani bila kuegemea fimbo, ingawa fimbo yenyewe anaibeba ili watu waendelee kumwonea huruma.

Utashangaa kupata karatasi. Kwenye simu ukiulizwa jambo zito unatuma kidole gumba, na mazungumzo yanafia hapo. Leo nimekunyima nafasi hiyo.

Kubwa la dukani ni programu. Careen, mwenzangu wa studio, ameleta toleo jipya la ile programu yetu ya kuhariri picha, la majaribio ya siku thelathini. Unabonyeza mara moja, ngozi inalainika, kiuno kinapungua, meno yanang'aa, na picha iliyofifia inarudi. Anasema tusipolichukua, wateja watahamia kwa jirani. Mimi nikasema kwanza tulipime. Unanijua, hata mchele wa Ndungu nautafuna mbichi kabla sijakubali kuununua.

Basi tukalipima. Kassimu, muuza mitumba wa Lembeni, alikuja kupiga picha ya pasipoti. Programu ikamfuta kovu la kwenye nyusi bila kuombwa, na Careen akachapa bila kuangalia. Baada ya siku mbili Kassimu alirudi na picha zake zimekataliwa, akatuuliza kwa upole kama tunamfahamu huyo mtu tuliyempiga. Halafu kuna bibi harusi mmoja tuliyempunguza kiuno, na nguzo ya ukumbi iliyokuwa nyuma yake ikapinda kukifuata kiuno. Tangu hapo nikipewa picha sianzi na uso wa mtu. Naanza na kilicho nyuma yake.

Sasa nije kwa Mama. Desemba tunajengea kaburi lake kule Bombo, na Baba anataka picha yake iwekwe kwenye kigae, chini ya msalaba. Picha tunayo moja tu, ile aliyopigwa na marehemu mzee Zephania hapahapa studio, mwaka mmoja kabla Mama hajafariki. Mimi nilikuwa na miaka minne alipoondoka. Uso wa Mama ninaoujua ni huo wa ukutani, sina mwingine. Kwa hiyo nilipoiingiza picha kwenye toleo jipya, nikabonyeza pa kurudisha iliyofifia, na Mama akatokea na uvimbe shingoni, mkubwa kama ngumi ya mtoto, niliumia sana.

Nilimgeukia Careen nikamwambia atazame, mashine yake inamzulia mama yangu rovu. Nikarudia mara tatu, na mara zote uvimbe ukawa uleule. Nilitaka kuifuta programu saa ileile. Lakini shaka yangu haina upendeleo, ikishamaliza kwa mashine inahamia kwa watu. Nikazima kompyuta, nikachukua picha yenyewe ya karatasi na kioo cha kukuzia, nikaikagua shingo. Dada, pale pamepitishwa brashi. Kuna mistari myembamba ya wino, imepakwa kwa mkono, na sasa wino umeanza kuachana na karatasi, uvimbe unachungulia chini yake. Mzee Zephania ndiye aliyenifundisha kazi, na brashi yake naijua kama ninavyoujua mwandiko wako.

Jumamosi nikapanda Bombo kwa Mama Eliaichi, shoga yake Mama. Nikamwekea picha zote mbili mezani. Aliigusa ile yenye rovu, machozi yakamtoka.

"Huyu ndiye," alisema. "Yule wa ukutani kwenu nilimvumilia tu, mwanangu, kwa sababu baba yenu anampenda."

Akanisimulia. Zamani, kabla ya chumvi ya madini joto, wanawake wengi wa milimani walikuwa na rovu na maisha yakaendelea. La Mama lilikua hata kwa ndani. Mwishoni chakula kilipita kwa shida, na alipopumua alitoa mluzi. Alijifunga kanga shingoni, na kila aliyemuuliza hali alimjibu sijambo. Waliomjali waliamini, kwa sababu ndivyo alivyotaka waamini. Siku ya picha ulikwenda naye wewe, ukiwa na miaka kumi na mitatu. Alimwomba mzee Zephania alifute, msije mkaitwa watoto wa mwenye rovu siku za posa, na wewe akakuapisha usiseme. Hukusema. Sikulaumu kwa hilo, ulikuwa mtoto na ulitii.

Baba nilimwonyesha ile yenye rovu. Alikaa nayo mpaka chai ikapoa, kisha akasema iwekwe hiyo.

Niliporudi dukani nilifungua picha zako zote za mwaka huu. Kumi umevaa skafu, hata ile ya Agosti, wakati uliniambia mwenyewe kwamba joto limewashinda. Moja tu huna skafu, ile ya siku yako ya kuzaliwa, umesimama jikoni. Shingo imenyooka, nzuri kabisa. Lakini mlango ulio nyuma ya shingo yako umepinda. Milango haipindi, dada. Na kwenye ujumbe wako wa sauti wa wiki iliyopita ulikohoa mara mbili, ukasema umekabwa na mkate.

Huenda nakosea. Nikikosea nicheke mpaka uchoke, nitafurahi. Ila ninaogopa, na sitaki kukuficha kwamba ninaogopa. Kila wiki unawapeleka wazee wa watu kwa daktari. Siku moja ukifika nao, kaa na wewe kwenye kile kiti, uvue skafu.

Toleo jipya tumelichukua. Kitufe cha kulainisha nimekizima, na hakuna picha inayotoka kabla sijakagua nyuma.

Baba anakubariki. Anold mume wangu anakusalimu, Careen pia, na Mama Eliaichi anasema bado anakukumbuka ulivyoibeba kanga ya mama yako siku ile ya picha. Mungu aliyekupa shingo hiyo akulinde nayo ilivyo.

Nijibu upesi. Lakini usianze kwa kuniambia hujambo. Anza na alichosema daktari.

Mdogo wako akupendaye, na asiyekuamini hata kidogo,
Raheli