Mikorosho ya Baba Baada ya Arobaini

Chinongwe, Ijumaa, Julai 1954

Asubuhi kulikuwa na baridi na ukungu, na jua lilipotoka halikunipa joto. Leo tumesoma arobaini ya baba. Leo pia mali yake imegawiwa, na sisi hatumo.

Baba yangu, Issa Likwata, aliwahi kufanya kazi ya kung'oa visiki kule Nachingwea, kwenye mashamba makubwa ya karanga. Wenzake walirudi na makoti na baiskeli. Yeye alirudi na gunia la mbegu za korosho, akafyeka pori hapa Chinongwe pamoja na mama. Mashimo waliyachimba wote wawili. Mama alibeba maji ya kumwagilia miche akiwa na mimba ya mdogo wangu. Mwaka jana ndipo mikorosho ilipoanza kuzaa vizuri.

Kifua kilipoanza kumsumbua, baba alisema mara nyingi kwamba shamba ni la mama na sisi binti zake. Aliyasema hayo chumbani, tukiwepo sisi tu. Nikaenda kumwita Mwalimu Bakari, anayesomesha Kurani hapa kijijini. Alikaa kwenye kigoda, akamweleza bila kuzunguka.

"Issa, wasia ni neno la baada ya kufa. Huwezi kuusia zaidi ya theluthi ya mali yako, tena si kwa mtu ambaye tayari ni mrithi wako. Na ukoo wako una desturi yake, unaijua. Unachotaka mkeo akipate, mpe sasa. Waite ndugu zako, mpitishe mipakani, mkabidhi wao wakiona. Hapo kimeshatoka mkononi mwako, hakuna wa kukirithi. Lakini fanya ungali unatembea. Ugonjwa ukishakulaza, zawadi yako itahesabiwa kama wasia."

Baba alikohoa, akajifuta mdomo. Kisha akasema, "Nikishagawa, mimi nitakuwa nani humu ndani? Mgeni? Ngoja kwanza nipate nafuu."

Nafuu haikuja.

Leo baada ya dua, baba mkubwa Mfaume, kaka yake baba, alikaa na wazee wa ukoo wao. Alisema kwa upole, na upole ule ndio ulioniumiza zaidi. "Kwetu Wamwera mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Mali ya Issa inakwenda kwa mtoto wa dada yake."

Yaani Hamisi, anayeishi Nachingwea, ambaye hajawahi kushika jembe kwenye shamba lile.

Mwalimu Bakari akasema dini inampa mjane fungu lake, na mabinti lao. Baba mkubwa akamjibu, "Mwalimu, Issa alikuwa na mdomo. Mbona hakutuita?"

"Aliniambia mimi," mama akasema, kwa sauti ndogo.

Mzee mmoja akauliza nani mwingine alisikia. Nikasema mimi. Wakatazamana. Anayedai hawezi kuwa shahidi wake mwenyewe, wakasema. Kama hatukuridhika, twende barazani kwa liwali. Mama akatikisa kichwa. Hataki kusimama mbele ya watu kushindana na ukoo wa mumewe, kaburi likiwa bado bichi.

Walipoingia ndani kuangalia vitu, Hamisi aliitazama cherehani. Baba mkubwa akamzuia. "Hiyo ni ya mke. Issa alimpa siku ya Idi, sote tuliona." Hakuna aliyebisha. Mama akaibeba nje mwenyewe.

Wote waliona. Kumbe ndicho kilichotakiwa, hicho tu.

Hamisi si mtu mbaya. Alimwambia mama, "Kaa tu, mama, mpaka utakapopata pa kwenda." Mama alishukuru. Sijui alipata wapi nguvu ya kushukuru. Atakwenda Mtua, kwa kaka yake.

Niseme ukweli hapa, ambapo hakuna anayenisikia. Hasira yangu si kwa Hamisi wala kwa wazee. Ni kwa baba. Nimemsomea dua asubuhi nzima huku nikimlaumu. Alitupenda, sina shaka. Lakini aliogopa kuwa mgeni nyumbani kwake, na sasa mgeni ni mama.

Alasiri tulikuwa tunafunga nguo kwenye mkeka. Mama akaacha kukunja, akaniuliza, "Nikifia Mtua, nani atanirudisha nilale karibu na baba yenu?" Kaburi liko pembeni mwa shamba.

Kesho, kabla Hamisi hajapanda lori la Nachingwea, nitakwenda kwake na Mwalimu na baba mkubwa. Mikorosho sitaitaja. Nitamwomba mahali pa kaburi moja tu, ampe mama sasa hivi, mama apakanyage kwa miguu yake, wao wakiona.

Akikataa, sijui nitarudi kumwambia mama nini.